Tumbo la Mzee Senteu

Daktari Inosenti hakuwa mtu wa kuharakishwa, na Inspekta Leonida Margwe alishakata tamaa ya kumharakisha. Alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti, barakoa puani, mikono nyuma, akimtazama daktari akivaa glavu zake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kana kwamba anajiandaa kwenda harusini.

Nje ukungu ulikuwa haujaachia vilima vya Oldeani, na magari ya watalii yalikuwa yakipita mjini Karatu kuelekea geti la Ngorongoro. Kituoni, mwanamke aitwaye Nasha alikuwa mahabusu. Mchana wa siku hiyo alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa shitaka la kumuua mumewe kwa sumu. Mauaji hayana dhamana. Akishasomewa shitaka angepelekwa gerezani Arusha, na kutoka huko si jambo la leo wala kesho. Nasha alikuwa na mtoto ambaye bado ananyonya.

Shauri lenyewe lilionekana jepesi, na wepesi wake ndio uliomnyima Leonida usingizi. Mzee Senteu, mfugaji wa upande wa Ngorongoro, alirudi jioni kutoka mnadani Karatu, akaingia nyumbani kwa Nasha, mke wake mdogo, na kabla ya kupambazuka alikuwa amekufa huku amejishika tumbo. Kulipokucha, mwanawe mkubwa Moloimet, aliyezaliwa na mke wa kwanza, alileta kituoni kibuyu cha maziwa kinachonuka dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Nasha alipoulizwa kama alimpa mumewe maziwa, alisema ndiyo. Aliyanywa? Ndiyo, alimaliza kikombe. Ulitia kitu? Hapana. Baada ya hapo alifunga mdomo, na hakuna askari aliyeweza kuufungua.

"Daktari, nina mpaka mchana tu," Leonida alisema.

"Mchana bado mbali. Sogea basi, au umekuja kukagua mlango?"

Leonida alikulia Buger, kwenye nyumba ambayo kondoo alichinjwa kila Krismasi na watoto ndio walioosha utumbo mtoni. Matumbo hayakumtisha. Lakini ya mtu ni habari nyingine. Alipiga moyo konde, akasogea.

"Biolojia ulipata ngapi?"

"Tuanze kazi, Daktari."

"Ulifeli. Haya, basi tutaanzia mdomoni, kama chakula kinavyoanza." Daktari Inosenti aliinua mdomo wa juu wa marehemu kwa heshima, kama anayemwomba radhi. "Meno ya nyuma hana, upande wote huu. Mtu wa namna hii hatafuni, anameza. Mate yanalainisha kidogo, ulimi unasukuma, kazi imekwisha. Liweke hilo akilini. Sasa huku shingoni ni umio. Watu wanadhani chakula hudondoka tu humu. Hapana. Misuli inakibana kutoka juu kwenda chini. Hata ukila umening'inia kichwa chini, kitafika."

"Na dawa ya josho ingepita humo humo."

"Ingepita, na ingeacha alama. Ile dawa huchanganywa na mafuta makali. Ungeona wekundu, pengine malengelenge. Tazama mwenyewe." Umio ulikuwa mweupe wa kawaida, laini, bila jeraha. "Hata harufu sikuipata. Sampuli nitazipeleka kwa mkemia kama sheria inavyotaka, lakini pua yangu imefanya kazi hii muda mrefu."

Alivuta beseni dogo la chuma. Ndani yake mlikuwa na kile alichokitoa kwenye mfuko wa tumbo. Leonida alitazama, akatazama tena. Vilikuwa vipande vya nyama, vingine vikubwa kama kidole gumba, na kingo zake nyeusi za kuungua zilionekana bado.

"Mbuzi wa kuchoma," daktari alisema.

"Na maziwa yako wapi?"

"Ndilo swali nililojiuliza." Alionekana kufurahi kidogo, jambo lililomuudhi Leonida. "Maziwa yakiingia tumboni yanakutana na asidi. Yanakatika, yanakuwa mabonge meupe, kama yaliyokamuliwa ndimu. Nimechuja kila kitu. Hakuna bonge hata moja."

Leonida alifikiri. "Labda yalishapita. Kimiminika si kinatangulia?"

"Ahaa! Kumbe hukufeli sana." Kidole cha daktari kilishuka hadi mwisho wa mfuko wa tumbo, mahali unapobanana kabla ya utumbo mwembamba kuanza. "Hapa kuna kilango. Kinafanya kazi kama geti lile la Ngorongoro: hakiruhusu msafara wote upite kwa pamoja. Kinaachia kidogo, kinafunga, kinaachia kidogo. Vya majimaji vinapita mapema, nyama inasubiri, yenye mafuta inasubiri zaidi. Ng'ambo ya kilango, ini linaleta nyongo, kongosho inaleta maji yake ya kumeng'enya, na kuanzia hapo utumbo mwembamba unafyonza chakula kiingie kwenye damu. Makapi yanakwenda utumbo mpana, maji yanakamuliwa, na mwisho wa safari unaujua. Kwa hiyo swali lako ni zuri. Ila huyu mzee geti lake lilikuwa na matatizo."

Aligeuza kipande cha utumbo kwenye mwanga. Mara tu baada ya kilango palikuwa na tundu la mviringo, dogo, kingo zake ngumu. Lingetosha kupitisha punje ya haragwe.

"Kidonda cha tumbo," alisema, na sasa sauti yake haikuwa na utani. "Kilitoboka. Asidi na chakula vikavujia nje, kwenye uwazi unaobeba matumbo yote. Hilo likitokea, mfumo mzima unagoma. Tumbo linasimama, utumbo unasimama. Ndiyo maana hiyo nyama imebaki palepale. Na chochote alichokunywa jioni kingekuwa kimebaki humu, au kimevujia kule nje kupitia tundu. Nimetafuta pote pawili. Huyu hakunywa maziwa, Inspekta. Na hakufa kwa sumu. Kilichomuua ndicho hiki unachokiona."

Leonida aliliangalia lile tundu kwa muda. Alihisi faraja, kisha hasira. Kama mzee hakunywa maziwa, kwa nini mkewe alikuwa tayari kwenda gerezani akiapa kwamba alikunywa?

"Kinatoboka hivihivi tu?"

"Alikuwa anaumwa magoti? Naona yamevimba. Nauliza kwa sababu dawa za maumivu ya viungo, mzee akizimeza kila siku bila daktari, zinakwangua ute unaolinda ukuta wa tumbo. Ubaya wake mwingine ni kwamba zinaficha maumivu. Mtu anatoboka huku anatembea na kusalimia watu."

Katika vitu vya marehemu vilivyohifadhiwa kituoni palikuwa na kopo la ugoro, rungu, na kibati cha vidonge, vyote vimeshatolewa, kimebaki mifuko mitupu. Leonida alikuwa amekiona na kukipita bila kukitilia maanani. Alimshukuru daktari, akatoka nje, akavuta hewa baridi mpaka kifua kikajaa.

Koplo Isaya alikuwa amejiegemeza kwenye gari, anakula karanga. Alikuwa Mmasai wa Loliondo, mpole, mwenye tabia mbaya moja: hasemi jambo mpaka aulizwe.

"Isaya, mzee alikula nyama."

Karanga zilisimama njiani. "Mzee Senteu? Haiwezekani, Afande. Aliacha nyama. Aliambiwa hospitali ana vidonda vya tumbo, na Moloimet akampiga marufuku mbele ya wazee wenzake. Maziwa na uji tu. Boma zima linajua."

"Nimeiona kwa macho yangu, kwenye beseni."

Isaya alifikiri, kisha akasema polepole, "Basi maziwa hakunywa."

"Hilo daktari ameniambia. Wewe umelijuaje?"

"Siku ya nyama ni ya nyama, Afande. Siku ya maziwa ni ya maziwa. Wazee wa rika la Makaa hawavichanganyi tumboni. Mimi nachanganya, nimeharibiwa na shule ya bweni. Baba yangu angejitapisha kwanza ndipo aguse kibuyu."

"Na hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuniambia kama alikula nyama."

Leonida alifungua mlango wa gari. Jibu lilikuwa la kuudhi lakini lilikuwa sahihi. "Panda gari," alisema. "Nani anachoma mbuzi karibu na mnada?"

Walikuwa wengi, lakini aliyekataa kabla hajaulizwa alikuwa Emilian. Banda lake lilikuwa pembeni ya uwanja wa mnada, moshi unatoka, mbavu zimening'inia, naye mwenyewe ni mtu mnene mwenye aproni iliyowahi kuwa nyeupe.

"Mzee Senteu hakula kwangu," alisema mara alipoona sare ya Isaya.

"Kaka Emilian, hatujataja jina la mtu."

Alipangusa jasho kwa aproni, na masizi yakahamia usoni. Leonida aliongea naye Kiiraqw maneno mawili matatu, ya nyumbani, ya kuulizana mvua na mahindi, mpaka mabega ya mtu yule yakashuka. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili Isaya asikie.

"Waliokula mbuzi yule yule siku ile, kuna aliyeugua?"

"Hakuna! Waulize madalali wote. Walimmaliza wao, na mimi mwenyewe nimekula. Nyama yangu safi."

"Basi unaogopa nini?"

"Namwogopa yule kijana, Moloimet. Alikuja hapa akaniambia, ukimpa baba yangu nyama na akafa, wewe ndiye umemuua. Sasa mzee amekufa kweli." "Afande, ningemkataliaje? Mzee mzima kanibembeleza. Alikaa kule nyuma ya jiko, uso ukutani, asionekane. Mtu aliyekuwa akinunua mbuzi mzima na kulisha watu! Akaniambia, Emilian, nikifa kwa hamu ya nyama mtasema nimekufa kwa ugonjwa gani? Tukacheka. Lakini hakumaliza. Aliacha nusu, jasho linamtoka. Nikajua hayuko sawa."

"Alikunywa chochote? Maziwa?"

"Maji. Akatoa vidonge mfukoni, akavitazama kama mtu anayetazama deni, akavimeza. Nikamuuliza vya nini, akasema vya magoti, na kwamba mwanawe atauliza kama kavimeza."

Leonida alitikisa kichwa. Shaka ndogo aliyokuja nayo, kwamba huenda nyama ilikuwa na sumu, aliitupa hapohapo jivuni. Kulibaki swali moja, na mwenye jibu alikuwa mahabusu.

Kwenye benchi la nje ya kituo alikuwepo mwanamke wa Kimasai aliyebeba mtoto mgongoni. Alikuwepo jana, alikuwepo na juzi. Leonida alijua tu kwamba anaitwa Soila, jirani wa Nasha, na kwamba anamleta mtoto anyonye. Safari hii aliagiza mtoto apelekwe kwa mama yake kwanza, na Nasha atolewe mahabusu aletwe ofisini, akae kwenye kiti.

Nasha alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Shuka lake lilikuwa limelowa kifuani kwa maziwa yaliyosubiri. Mtoto aliponyonya hata pumzi zake zikatulia, Leonida akaanza.

"Mama, nimetoka kumwona mzee. Daktari alimfungua. Tumboni mwake mna nyama ya mbuzi. Maziwa hamna."

Mkono uliokuwa ukipapasa kichwa cha mtoto ulisimama.

"Alikunywa," Nasha alisema.

"Maziwa yakifika tumboni yanaganda. Tumbo la mzee lilikuwa limesimama, halipitishi kitu. Kama angekunywa, yangekuwemo mpaka sasa. Unamdanganya nani? Mimi, au hakimu atakayekufunga?"

"Alikunywa, Afande."

"Akiwa na nyama tumboni? Mzee wa Makaa? Unataka niandike hivyo, kwamba mumeo alikuwa mtu asiyejua miiko ya kwao?"

Hilo ndilo lililomfikia. Nasha aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, machozi yalimtoka. Hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto.

"Aliniambia niseme amekunywa," alisema. "Nilimmiminia, akasukuma kikombe. Nikajua. Nikamuuliza, umekula nyama? Akanishika mkono. Akasema, Nasha, mtoto wangu akisikia nimejificha nyuma ya jiko kula nyama kama mwizi, nitakaaje na wenzangu? Wakikuuliza, sema nimekunywa. Nikasema sawa."

"Na ukawekwa ndani, bado unasema sawa?"

"Yeye amekufa. Heshima yake nani atamrudishia?"

"Na huyu?" Leonida alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Huyu angelelewa na nani?"

Nasha alilia sasa kwa sauti, na Leonida alimwacha alie. Alimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Alipotulia, Leonida alimweleza kila kitu: kidonda, tundu, na jinsi vidonge vya magoti vinavyoweza kukwangua tumbo kutoka ndani. Nasha alisikiliza kwa makini.

"Alikuwa anameza asubuhi na jioni," alisema. "Hata kama hajala. Moloimet ndiye aliyekuwa analeta."

"Hayo maziwa aliyoyakataa, yalikwenda wapi? Uliyamwaga?"

Nasha alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Nani anamwaga maziwa? Soila alikuja kuazima chumvi. Nikampa."

Leonida aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akakaa kando ya Soila, na Isaya akasimama mbele yao.

"Dada, jioni ile kabla ya msiba, Nasha alikupa maziwa?"

"Alinipa."

"Kutoka kibuyu gani?"

"Kile chenye ufa ulioshonwa kwa ngozi. Kile kile alichokileta Moloimet hapa polisi. Nilikunywa kikombe kile cha mzee, nikaongezwa."

"Yalikuwa na harufu gani?"

"Ya moshi wa kibuyu. Yalikuwa mazuri."

"Na hukuugua?"

"Ningeugua, nani angembeba mtoto?"

"Sasa mbona hukusema, siku zote unakaa hapa?"

Soila alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, akarudisha macho kwa Inspekta. "Mliniuliza?"

Isaya alianza kuchunguza viatu vyake. Leonida hakuchunguza kitu, aliona aibu waziwazi. Walikuwa wamechukua maelezo ya wanaume wote wa boma lile, na mwanamke aliyekunywa ushahidi wenyewe walikuwa wakimpita kila asubuhi wakiingia kazini.

Basi sumu iliingia kibuyuni baada ya Soila kunywa. Aliyeitia hakuwa na habari za Soila, wala za nyama.

Moloimet alikuja mwenyewe kabla ya mchana, amejitanda shuka jekundu jipya, tayari kwa mahakama. Alikuwa mwanamume wa rika la Korianga, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa vikaoni. Aliketi akaweka fimbo yake magotini. Vitu vya marehemu vilikuwa mezani, kopo la ugoro na kibati cha vidonge, na rungu limeegemezwa ukutani.

"Tunakamilisha maelezo yako," Leonida alisema. "Uliona baba yako akinywa maziwa, au uliambiwa?"

"Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa mlangoni. Alimaliza kikombe."

"Siku ile alikuwa amekula nini?"

"Hajala kitu. Mimi ndiye nilikuwa namtunza baba, Afande, si yule mwanamke. Hospitali nilimpeleka mimi. Nyama nilimkataza mimi. Hata dawa ya magoti nilimnunulia mimi."

Leonida alisikia hilo la mwisho, likamchoma, akaliweka kando kwanza.

"Mzee alikula nyama ya mbuzi mnadani. Tumeikuta tumboni."

"Uongo."

"Alikula kwa Emilian, nyuma ya jiko. Daktari ameitoa kwa mkono wake."

Leonida aliongea kwa upole, bila kupandisha sauti.

"Sasa rudia maneno yako. Koplo Isaya yuko hapa, ni mtu wa kwenu. Mwambie yeye. Mwambie kwamba baba yako, mzee wa Makaa, alikuwa na nyama tumboni, akapokea maziwa, akanywa, na wewe ukiwa mlangoni unamtazama."

Kwenye korido mtoto wa Nasha alicheua. Moloimet alimtazama Isaya, na Isaya hakugeuza uso. Kusema ndiyo kulikuwa ni kumvunjia heshima baba yake aliye maiti. Kusema hapana kulikuwa ni kujivua nguo mwenyewe. Vidole vyake vilikaza fimbo, kisha vikaiachia.

"Sikuwa mlangoni," alisema mwishowe.

"Na dawa ya josho?"

"Nilitia mimi. Kabla hakujakucha." Sauti ya vikaoni ilikuwa imemkimbia. "Mlimsikia alivyolia? Ninyi hamkuwepo. Baba yangu hakuwahi kulia, hata alipotobolewa mguu na mkuki. Nilipofika ameshika tumbo, na kikombe kiko pale kando. Nikajua ni huyu. Angekuwa nani mwingine? Nikasema polisi watataka kitu cha kushika. Kwa hiyo nikawapa."

"Ungemfunga mtu ambaye hana kosa."

"Sikujua hana kosa!"

"Hukutaka kujua," Leonida alisema. Alimwambia kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kutengeneza ushahidi wa uongo, akamwambia haki zake, na Moloimet aliitikia kila neno kwa kichwa. Isaya alikwenda kumpigia simu mwendesha mashitaka kwamba kesi ya mchana haipo tena.

Koridoni Nasha alikuwa amesimama na Soila, mtoto mgongoni, mlango wa nje uko wazi mbele yao. Hakutoka. Alimsogelea Leonida mpaka karibu kabisa, akaongea kwa sauti ya chini.

"Afande. Vile vidonge. Usimwambie."

Leonida alimtazama asiamini. "Mama, yule amekulaza sakafuni na mtoto wako anakutafuta. Alitaka ufie gerezani."

"Najua. Simsamehi leo. Lakini alikuwa anampenda baba yake. Akijua hilo, atafanya nini na hiyo mikono yake?"

"Siri moja imeshakuweka ndani," Leonida alisema. "Sitakuacha uende na nyingine. Nenda nyumbani, mama."

Aliporudi ofisini, Moloimet hakuwa amesogea. Macho yake yalikuwa mezani.

"Kama si maziwa," aliuliza, "ni nini?"

"Kidonda cha tumbo kilitoboka."

"Nilimwachisha nyama ili kisitoboke. Alikunywa uji, alikunywa maziwa. Kilitobolewa na nini?"

Angeweza kumwambia amsubiri daktari. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angemlaumu. Leonida alivuta kiti, hakukaa upande wake wa meza bali upande wa Moloimet, na akamweleza kama alivyoelezwa: ute unaolinda ukuta wa tumbo, dawa inayoukwangua, maumivu yanayofichwa mpaka yasifichike. Hakuongeza neno na hakupunguza.

Moloimet alichukua kile kibati. Alipitisha kidole gumba juu ya mifuko mitupu ya vidonge, mmoja mmoja, taratibu sana.

"Alikuwa hataki," alisema. "Anasema vinamchoma ndani. Nilikuwa nasimama palepale mpaka ameze."